Mbegu za cf.d

Saa nane usiku. Tasnifu yangu ya uzamili, kurasa 96 za Kiingereza kuhusu wakulima wa mahindi na mbegu bora, ilitakiwa idarani asubuhi, nakala nne za spairo. Nikaipitia mara ya mwisho, nikakuta neno "see" limejaa kwenye mabano kama dagaa kwenye gunia: see Rogers 1962, see Ryan and Gross 1943, see huyu, see yule. Nikaona haya. Makala za wakubwa zina "cf.", fupi, ya Kilatini, nukta imekaa mwishoni kama tai shingoni. Nikabonyeza Ctrl na H, juu nikaandika see, chini cf., nikabofya "Replace All".

Kompyuta ikanijulisha kwamba imebadilisha mahali 412. Marejeo yangu ya "see" yalikuwa 57. Mtu aliyelala vya kutosha angejiuliza hizo nyingine zimetoka wapi. Mimi nikaenda kulala.

Dada wa steshenari ndiye alikuwa msomaji wangu wa kwanza.

"Kaka, hizi CF.DS ni mbegu za kampuni gani? Baba analima."

Nikamjibu bila kutazama kwamba ni kifupisho cha kitaalamu. Kumbe alikuwa anasoma jalada: ADOPTION OF IMPROVED MAIZE CF.DS.

Word haijui maneno, inajua herufi. Usipoweka tiki kwenye "Find whole words only", itaokota s-e-e popote zilipojibanza. Seed ikawa cf.d, seems ikawa cf.ms, seedlings, yaani miche, ikawa cf.dlings. Na kwa kuwa sikuweka tiki kwenye "Match case" pia, palipokuwa na herufi kubwa ikanitunzia ukubwa uleule. Hata makala ya Ryan na Gross, ambayo watu wa fani hii wanaijua kama jina la mjomba, kwenye orodha ya marejeo ilisomeka The Diffusion of Hybrid Cf.d Corn in Two Iowa Communities.

Mbele ya jopo, profesa alivaa miwani, akasoma kwa sauti ya taarifa ya habari: "Farmers cf.m to have cf.n..." Akanyamaza. Akafunua mbele. "Na hiki Chuo Kikuu cha Tennescf. kiko wapi, kijana?"

Walipomaliza kucheka (mmoja alitoka nje kabisa), nikaeleza kisa cha kompyuta, nikidhani nimepona. Profesa akatikisa kichwa. "Hata ungeweka hizo tiki, bado ungekuwa umekosea."

Akachukua chaki. Mwandishi wa Kiingereza akitaja chanzo bila neno lolote mbele yake, maana yake habari hiyo imo humo kama ilivyo. Kwamba kati ya wakulima 259 wa Iowa, wote isipokuwa wawili walikuwa wameshapokea mahindi chotara, hiyo ni ya Ryan na Gross moja kwa moja, haihitaji "see". "See" ni ya kumwelekeza msomaji: chanzo kinaniunga mkono, fungua ujionee. "E.g." inasema wapo wengi, nimekutajia wachache. "But see" inakiri kwamba yupo anayepinga. Na "cf." ni confer, yaani linganisha. Kwa APA, mtindo wa kutaja vyanzo tulioagizwa kuufuata, inawekwa pale chanzo kinapokwenda kinyume na ulichosema, tena ndani ya mabano tu. Nje ya mabano unaandika "compare".

"Kwa hiyo umetuletea tasnifu," akasema, "na mashahidi 57 wa upande wa pili."

Akaongeza kwamba kwenye sura ya pili nimeandika "Rogers claims", neno lenye harufu ya "eti". Mtu anayetetea hoja "argues". Mwenye takwimu "found" au "reported". Hilo nalo nikaliandika pembeni.

Nikapewa wiki mbili. Marekebisho yalikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa: nikageuza mchezo, juu cf., chini see, Replace All, mahali 412. Mbegu zikarudi kuwa mbegu, Tennessee ikarudi Marekani. Safari hii nikasoma jalada mara tatu kabla ya kumpa dada flashi.

Profesa akafungua ukurasa wa 31. Hapo nilikuwa nimeandika kwamba kinachomsukuma mkulima kupokea mbegu mpya ni maneno ya majirani kuliko faida, kisha kwenye mabano: see Griliches 1957. Griliches ni mchumi aliyeonyesha kwamba mahindi chotara yalienea kwa kufuata faida.

"Huyu anakupinga," akasema. "Hapa ndipo palipotakiwa cf. Mara ya kwanza ulikuwa umepata."