Hizi nyumba za kihistoria za Savannah jamani!

Nani kawaroga wenye nyumba za kupangisha wageni kule Savannah, Georgia, Marekani? Mji wa 1733 sawa, mzuri sawa, lakini mbona dirisha halifunguki eti lisiguswe ni la asili, ngazi zimesimama kama mnazi, sakafu ukienda chooni usiku inalia mpaka nyumba nzima inajua tumbo limekuchafuka, na joto lile la Julai kiyoyozi kinakohoa tu!! Mliolala huko mnanielewa. Kila ukuta karatasi, usiguse hiki usikalie kile, sasa nimelipia kulala au kulinda makumbusho? Halafu wanavyojisifia yale matofali ya kijivu, yalifyatuliwa na watumwa, hilo kwenye tangazo halimo wala. Ada ya usafi ndo imo, na mashuka nitandue mwenyewe!