Takwimu zinapanda juu, mgonjwa anabaki na bahasha yake

Naishi Trondheim, Norway, na kila nikizungumza na jamaa zangu wa Pemba habari za hospitali huambiwa, "Nyinyi wenzetu mna kompyuta." Tunazo, sikatai. Ila naona mifumo ya taarifa za afya tunaipima kwa kipimo kisicho chake: mashine ngapi zimefungwa, ripoti ngapi zimefika kwa wakati. Mimi nauliza nani anafaidika na kile kilichojazwa.

Wengi nyumbani hawajui kwamba DHIS2, mfumo unaokusanya takwimu za vituo vyetu, unatengenezwa huku huku Norway, Chuo Kikuu cha Oslo. Chimbuko lake ni Afrika Kusini baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, na Zanzibar ilipokea toleo lake la awali mapema, mwaka 2005. Katika hili hatukuwa nyuma ya mtu. Tena tulifanya jambo la maana kuliko kufunga programu: vikao vya kila robo mwaka ambapo watu wa wilaya walisimama na takwimu zao wenyewe, wenzao wakawabana. Vipi watoto waliopata chanjo ya tatu wawe wengi kuliko waliopata ya kwanza? Maswali ya namna hiyo ndiyo yaliyozinyoosha takwimu, kwa sababu aliyejaza alijua kuna atakayezisoma.

Malaria ni ushahidi mzuri zaidi. Tangu mwaka 2008 vituo vilianza kutuma taarifa za wagonjwa wa malaria kwa simu, na kuanzia 2012 kila mgonjwa aliyethibitishwa akawa anafuatwa. Ofisa wa wilaya anapata taarifa, anakwenda kituoni, kisha anafika nyumbani kwa mgonjwa na kishikwambi chake, anawapima waliomo na kuuliza nani amesafiri karibuni. Nesi aliyetuma ujumbe anaona kazi yake imemtoa mtu ofisini. Mfumo wa namna hiyo haulazimishwi kwa waraka, watu wanautumia wenyewe.

Lakini mgonjwa mmoja mmoja bado hana pake. Mtu wa Wete akipewa rufaa ya Unguja anapanda boti na bahasha mkononi, na bahasha hiyo ndiyo historia yake yote. Mama yangu mdogo karatasi moja ya vipimo ilibaki nyumbani, akapimwa upya upande wa pili, siku zikapita bure naye anaumwa. Kwenye ripoti ya mwezi alihesabiwa, tena kwa usahihi. Mbele ya daktari hakuwepo popote.

Huku kila mkaazi ana namba yake ya tarakimu kumi na moja, mpango ulioanza mwaka 1964, na kwa namba hiyo dawa nilizoandikiwa Trondheim naweza kuzichukua duka lolote la dawa nchini. Hilo nalitamani kwetu, na kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi tunacho. Ninachokitamani zaidi, hata hivyo, ni kuingia kwenye ukurasa wangu wa afya mtandaoni na kuona nani amelifungua faili langu. Kisiwa chetu kidogo, karani wa hospitali huenda akawa mtoto wa jirani. Bibi mwenye maradhi ya siri akihofia kwamba kila aliyekaa kwenye kompyuta anaweza kumsoma, ataacha kusema ukweli au atakwenda kwa mganga. Siri ya mgonjwa lazima iwe imejengwa ndani ya mfumo tangu siku ya kwanza.

Wala msidhani huku mambo ni laini. Hospitali kubwa ya mji huu ilihamia mfumo mpya wa kumbukumbu za wagonjwa, Helseplattformen, Novemba 2022, kwa gharama kubwa mno. Madaktari walilalamika hadharani kwamba unawala muda wa wagonjwa, na ikabainika maelfu ya barua hazikuwafikia waliokusudiwa. Fedha zilikuwepo, wataalamu walikuwepo, umeme haukatiki. Waliouagiza hawakuwasikiliza vya kutosha watakaoutumia saa nane za usiku wodini.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu wa ughaibuni tunaochangishana kununua kompyuta za hospitali za nyumbani: kabla ya kutuma chochote, tumpigie simu nesi wa kituo chenyewe. Anajaza vitabu vingapi hivi sasa? Kompyuta ikiingia, kitabu kipi kitaondoka? Kama atajibu kwamba ataandika daftarini halafu aandike tena kwenye kompyuta, huku foleni ya mama wajawazito inamsubiri, basi mchango wetu uende kwanza kwenye mshahara wa karani wa takwimu na umeme wa jua wa kituo, na wizara tuiombe ituambie lini kuandika mara mbili kutakoma.