Sikia Neno Kwanza, Herufi Baadaye

Karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari nchini Kenya, ina alama 60, na 30 kati ya hizo ni za stadi za kuzungumza. Mtahiniwa huulizwa herufi ipi haitamkwi, mkazo unaangukia wapi, neno gani jingine lina sauti iyo hiyo. Hujibu kwa kalamu, chumba kizima kikiwa kimya. Anaweza kuzoa alama zote bila mtu kumsikia akifungua kinywa. Hapo ndipo naona tunapowakosea wanafunzi wetu hapa Nairobi: neno la Kiingereza huwafikia kwa macho, wakaliandika, wakalipa tafsiri moja ya Kiswahili, na ulimi ukaachwa nyuma.

Kwa Kiswahili njia hiyo haina madhara, kwa kuwa tunasoma kama tulivyoandika. Kiingereza hakiaminiki hivyo. William Caxton alipofungua kiwanda chake cha uchapaji Westminster mwaka 1476, matamshi ya Waingereza yalikuwa yanabadilika. Tahajia ikaanza kuganda huku vinywa vikiendelea na safari. Ndiyo maana "knight" bado ina k na gh, ambazo zamani zilitamkwa kweli. Herufi nyingine zilipachikwa na wasomi: b ya "debt" iliingizwa ili neno lifanane na "debitum" la Kilatini. Anayeitamka b hiyo si mjinga. Ameyaamini tu maandishi kupita kiasi.

Ninachopendekeza kinahitaji daftari na simu. Ukipata neno jipya, lisikie mara tatu kabla ya kuliandika. Kamusi za Cambridge na Oxford za mtandaoni zina alama ya spika kando ya kila neno, moja kwa matamshi ya Uingereza na moja kwa ya Marekani. Chagua moja ushikamane nayo. Lirudie neno kwa sauti, kisha uliandike kwa tahajia ya Kiswahili kama sikio lilivyolipokea, silabi yenye mkazo kwa herufi kubwa: "receipt" iwe riSIT, "plumber" iwe PLAma. Tahajia ya Kiingereza ije mwisho, kando yake.

Herufi kubwa hizo ndizo roho ya kazi yote. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na tabia hiyo tunaibeba bila kujua. Hivyo "category" inageuka kateGOri, ilhali mkazo wake uko mwanzoni kabisa. "Character" vilevile. "Hotel" nayo ina mkazo mwishoni: hoTEL. Tazama "photograph", "photography" na "photographic": mkazo uko kwenye silabi ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu. Unapohama, irabu nazo hubadilika, kwa kuwa Kiingereza humeza irabu isiyo na mkazo. O ya pili ya "photograph" karibu haisikiki, lakini katika "photography" inasikika wazi. Sisemi tuige lafudhi ya London. Lafudhi yetu haina kasoro. Lakini mkazo ukikosewa, msikilizaji hupotea hata kama kila herufi umeitamka.

Irabu zinahitaji subira zaidi. Sisi tuna tano, na matamshi ya Uingereza huhesabiwa kuwa na takriban 20. Matokeo yake ni kwamba "hat", "hut", "heart" na "hurt" zote hutoka midomoni mwetu kama neno moja. Zipe namba daftarini. A1 ni ya "hat": anza na e ya embe, kisha shusha taya bila kusogeza ulimi nyuma. A2 ni ya "hut": a ya baba, lakini fupi, kama iliyokatwa. A3 ni ya "heart": fungua kinywa wazi na uivute. A4 ni ya "hurt", na ndiyo ngumu kuliko zote: ulimi utulie katikati ya kinywa, midomo isitanuke wala isiviringwe, sauti ivutwe. Kioo kidogo husaidia sana hapa. Kwa hiyo PLAma ni ya A2, na "purpose" huanza na A4.

Kuna mahali Kiswahili kimetutangulia, na inaniuma kwamba walimu wachache hukitumia. Kiingereza huandika th kwa sauti mbili ambazo sisi tumeshazitenganisha: "think" ni th ya thelathini, "this" ni dh ya dhahabu. Vivyo hivyo "singer" ina ng' ya ng'ombe, na "finger" ina ng ya ngoma. Mwanafunzi akionyeshwa hivyo, hana sauti mpya ya kujifunza. Kilichobaki ni kujua ipi iko wapi.

Kwa upande wa maana, adui ni ile tafsiri moja. Mkono ni "hand" na pia "arm". Kuazima ni "borrow" na pia "lend", kutegemea nani anatoa. Tunasikia sauti, harufu, njaa na maumivu, lakini "hear" ni ya sauti peke yake. Waingereza nao wana "rice" moja kwa mpunga, mchele na wali. Basi usiandike "lend = azima". Andika sentensi nzima yenye mtoaji na mpokeaji: "Juma lent me his pen." Kamusi nzuri ya wanafunzi hutoa sentensi za namna hiyo. Nakala za mitumba zinazotandazwa kando ya barabara katikati ya jiji zinatosha kabisa, mradi kurasa hazijachanika.

Maneno matano kwa siku yanatosha. Yarudie kesho yake, baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki, ukianza kila mara na sauti. Mwishoni mwa wiki, mwombe mwenzako akupe mgongo na aandike kila neno unalolitamka. Akiandika "hat" uliposema "hurt", rudi kwenye kioo.