Fumbo la Go Halifumbuliwi kwa Kidole

Jumamosi iliyopita, kwenye baraza la Chikongola, hapa Mtwara, tunakochezea Go, ule mchezo wa ubao ambao kete nyeusi na nyeupe huwekwa kwenye makutano ya mistari na kundi lililozingirwa pande zote huondolewa, niliona mambo mawili yaliyonikera kiasi kwamba nimeona heri niandike. La kwanza lilitoka kwa kijana mmoja mwepesi wa akili, ambaye alituonyesha kwenye simu yake jinsi alivyomaliza ngazi nzima ya mafumbo ya kuua na kuokoa makundi, kisha haukupita muda akapoteza kundi lake kubwa ukingoni mwa ubao kwa kutoliona umbo la nafasi tatu zilizonyooka, ambalo ni miongoni mwa mambo ya mwanzo kabisa anayofundishwa mwanafunzi. La pili lilitoka kwa mzee wetu mmoja, mchezaji mzuri kuliko wengi wetu, ambaye alilitazama kundi lile likiondolewa ubaoni, akasema, "Ndiyo maana nawaambia, wanangu, acheni kukariri. Mchezo hufundishwa na mchezo." Waliokuwepo wakaitikia kwa vichwa.

Ninamheshimu sana mzee huyo, na kijana ni mdogo wangu, lakini nasema wazi kwamba wote wawili wamekosea, tena kosa lao ni moja. Wote wanaamini kwamba kufanya mafumbo ni kuona umbo na kukumbuka jibu lake. Kijana anaona hilo linatosha, mzee anaona halifai kitu, na hakuna aliyeitaja kazi yenyewe, yaani kuhesabu hatua kichwani hadi mwisho kabla mkono haujagusa chochote. Kwa maoni yangu kijana yule hajaanza kufanya mafumbo.

Nilikaa karibu naye nikamwona anavyofanya. Kipande cha ubao kinatokea kwenye kioo cha simu, na maandishi yanasema Nyeusi ianze. Mahali panapoelekea kufaa huwa ni patatu au panne tu, kwa hiyo anagusa pa kwanza, alama nyekundu inajitokeza, anarudi, anagusa pa pili, nyekundu tena, anagusa pa tatu, simu inamjibu kwa kuweka kete ya mpinzani, naye anaendelea kugusa hadi rangi ya kijani inapotokea na fumbo jingine kufunguka. Fumbo zima humchukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu. Simu inaandika kwamba amefaulu, ilhali kila swali lenye maana limejibiwa na simu. Ni simu iliyotafuta jibu la mpinzani, ni simu iliyojua kwamba hatua fulani haifai, na ni simu iliyojua wapi pa kusimama. Kijana ametoa kidole tu.

Nichukue fumbo moja la kawaida ili nieleweke. Nyeupe ina kete sita zilizopangwa kwa mstari mmoja, kwenye mstari wa pili kutoka ukingoni, mbali na kona, na Nyeusi imeziba ncha zote mbili na sehemu yote ya juu. Zamu ni ya Nyeupe. Je, kundi litaishi? Anayelitazama kwa haraka ataiongezea Nyeupe kete moja kwenye mstari wa kwanza, chini ya ncha mojawapo, ili kuilinda nyumba, yaani nafasi zilizo chini ya mstari wake, na hapo ndani zitabaki nafasi tano. Nyeusi itajipenyeza kutoka ncha ya pili, Nyeupe itaizuia, na nafasi zitabaki tatu, zimenyooka. Sasa ile kete ya Nyeusi iliyojipenyeza imebakiwa na pumzi moja tu, yaani makutano tupu mamoja jirani nayo, na mwanafunzi anayeiwakilisha Nyeupe kichwani mwake anajiambia kwamba bila shaka Nyeusi ataiokoa kete yake. Nyeusi anaiokoa, Nyeupe anaweka kete katikati ya zile nafasi tatu, macho mawili, yaani nafasi mbili tupu za ndani ambazo mpinzani hawezi kuzijaza, yanapatikana, kundi linaishi, na mwanafunzi anafurahi.

Kundi hilo limekufa. Nyeusi anayejua kazi yake hataiokoa kete ile hata kidogo. Ataiacha iliwe, na yeye ndiye atakayeweka kete katikati. Nyeupe akishaila ile kete moja, kete aliyoitumia kula nayo inatishiwa kutoka nje, na nafasi iliyoachwa wazi haiwezi kuwa jicho la kweli, kwa kuwa Nyeupe atalazimika kuijaza mwenyewe au akubali Nyeusi aingie humo na kuila kete hiyo. Kete sita kwenye mstari wa pili hufa hata zikianza zenyewe. Kete saba huishi zikianza na hufa mpinzani akianza. Kete nane huishi hata mpinzani akianza, kwa sababu Nyeusi akijipenyeza pande zote mbili bado zinabaki nafasi nne zilizonyooka, na hizo hazivunjiki. Mtu anaweza kuzikariri namba hizo tatu, yaani sita, saba na nane, kwa dakika moja, na zitamfaa mpaka siku ncha moja itakapokuwa na kete ya ziada au nje kukiwa na pumzi pungufu, na hapo namba hazitamsaidia tena. Aliyehesabu mwenyewe kwa nini sita hufa atalihesabu na umbo hilo geni.

Hapa ndipo penye kiini cha ninayoyasema, na naomba wenzangu wa Mtwara wanisikilize. Ugumu wa fumbo la Go hauko katika kuitafuta hatua yako. Uko katika kumtafutia mpinzani hatua bora kuliko zote alizonazo, kwa bidii ileile unayoitumia kujitetea. Akili yetu haipendi kazi hiyo. Tukishaona hatua inayotupendeza, tunampa mpinzani jibu la kijinga, tunamlazimisha aokoe kete moja isiyo na thamani, na tunatangaza ushindi ambao haupo. Wachezaji wengi wanaosema hawana kipaji wana kipaji cha kutosha kabisa, ila wamezoea kumchezea mpinzani vibaya vichwani mwao. Anayekaa mbele ya fumbo, akaihesabu hatua yake, kisha akageuka kwa moyo mmoja akawa upande wa pili na kuitafutia dosari hatua hiyohiyo, huyo anajenga uaminifu ambao michezo ya kawaida haiudai, kwa sababu katika mchezo mpinzani dhaifu hutusamehe, nasi tukaondoka tukiamini tulihesabu vizuri. Naijali sana tabia hiyo, kwa kuwa ndiyo inayomtenganisha anayebaki pale pale alipo kila mwaka na anayepanda kutoka kyu za chini, yaani ngazi za wanafunzi, hadi kulikaribia dan la kwanza, ngazi ya mwanzo ya waliobobea.

Wala si tabia ya kigeni kwetu. Nendeni Mikindani mkawatazame wazee wanaocheza bao la kete. Mchezaji wa kweli hagusi kitu mpaka macho yake yameshazunguka mashimo yote, yamehesabu usambazaji utakavyokwenda, kete ya mwisho itaangukia wapi, itakula au italala, na baada ya hapo mwenzake atakula nini kutoka kwenye nyumba yake. Mkono ukishaanza kusambaza haurudi. Hakuna mzee wa bao anayeshika kete hapa, akaona hapakufaa, akashika pale. Ndiyo maana ninashangaa kwamba mzee wetu wa Chikongola, ambaye kwenye bao hashikiki, anaiita kazi hiyohiyo kukariri inapofanywa kwenye ubao wa Go. Nadhani shule zetu zina lawama katika hili, kwa maana zimetuzoesha kuamini kwamba zoezi lolote lenye majibu nyuma ya kitabu ni la kumeza tu.

Ile hoja ya kwamba mchezo hufundishwa na mchezo imepata nguvu mpya tangu kompyuta zilipowashinda mabingwa. Mwaka 2016, mjini Seoul, programu ya AlphaGo ilimshinda Lee Sedol michezo minne kwa mmoja, na mwaka uliofuata ikaja AlphaGo Zero, ambayo haikupewa michezo ya wanadamu hata mmoja, ikajifunza kwa kucheza na nafsi yake tu. Wapenzi wa kucheza bila mazoezi huitaja kila mara. Lakini ielezwe yote. Katika siku tatu za mwanzo programu hiyo ilicheza michezo takribani milioni 4.9, na kabla ya kila hatua katika michezo hiyo ilipekua mara 1,600 ili kuona mambo yangekwendaje, ikiwa pande zote mbili. Yaani hata mashine iliyojifunza kwa kucheza tu ilihesabu kwanza ndipo ikacheza. Sisi tunacheza mchezo mmoja au miwili kwa wiki, na korosho zikianza kuanguka kuanzia Oktoba wengi hawaonekani barazani mpaka mnada upite. Katika mchezo mmoja kwenye ubao wa mistari 19 kwa 19, wenye makutano 361, huenda mtu akakutana na suala halisi la kufa au kuishi mara chache tu, na mara nyingine asikutane nalo kabisa. Kwa mwendo huo itamlazimu angoje miaka ili aone maumbo ambayo karatasi moja ya mafumbo ingemwonyesha kwa jioni moja.

Wajapani walilijua hilo zamani. Enzi za utawala wa Tokugawa, nyumba nne, yaani shule za Go, za Honinbo, Inoue, Yasui na Hayashi zilipokuwa zikishindana, mafumbo yalikuwa chakula cha wanafunzi wao, na mwaka 1713 Inoue Dosetsu Inseki, mkuu wa nyumba ya Inoue, alikusanya mafumbo 183 magumu kiasi kwamba mojawapo bado linajadiliwa na wachezaji wa kulipwa hadi leo. Watu hao walikuwa na wapinzani bora duniani nyumba ya jirani, na bado walikaa na mafumbo.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba mzee ana sehemu ya haki. Fumbo lina kasoro moja ya kuzaliwa, kwamba linakuambia kuna kitu cha kutafutwa. Maandishi yanasema Nyeusi ianze na iue, kwa hiyo unajua kwamba kuua kunawezekana. Mchezoni hakuna mtu wa kukunong'oneza kwamba sasa ndiyo wakati wa kuacha kila kitu na kulihesabu kundi la kushoto. Wapo watu niwajuao wanaofumbua mambo mazito kwenye karatasi, na mchezoni wanapita mbele ya kundi linalokufa bila kugeuza shingo. Dawa yake ni kuyafunika yale maandishi, na kuliuliza kila umbo swali lisilo na msaada wowote ndani yake: nikiliacha kundi hili sasa hivi, mpinzani akianza, linakuwaje? Wakati mwingine jibu ni kwamba haliponi hata nikianza mimi, kama zile kete sita, na kwamba hatua iliyo sahihi ni kwenda kucheza kwingine. Programu za simu hulifundisha jambo hilo kwa nadra sana.

Kuhusu ugumu wa mafumbo sitasema mengi. Anayeanza achague yale anayoweza kuyamaliza kichwani kwa dakika moja au mbili, ayafanye mengi, ayarudie mpaka umbo limfikie jichoni kabla hajaanza kuhesabu, na bado ahesabu. Yale ya Dosetsu atayakuta mbele ya safari. Na ayafanye kwenye karatasi iliyotolewa kopi steshenari, kwa kuwa karatasi haibadiliki rangi ukiigusa.

Limebaki suala la majibu, ambalo ndilo tunalobishania zaidi. Wenzangu wanasema kwamba bila jibu mtu hatajua kama amepatia. Mimi nasema jibu la nyuma ya karatasi humwonyesha mwanafunzi mstari mmoja tu, ule ambao mwandishi aliona inafaa kuuchapa, na halimwambii kwa nini wazo lake yeye halifai. Njia ninayoiamini ni ya watu wawili na ubao mmoja. Pangeni fumbo kwa kete zilezile za vifungo vya mashati tunazochezea. Kila mmoja ahesabu kimya mpaka aseme amemaliza, kisha mmoja aweke hatua yake na kuitetea, na mwenzake apewe ruhusa ya kujaribu kila namna ya kuivunja, hatua za kipuuzi zikiwemo, kwa kuwa zile za kipuuzi ndizo ambazo mtetezi hakuzihesabu. Ikivunjika, wabadilishane pande na waanze upya. Ikisimama baada ya mpinzani kuishiwa na mbinu zote, hakuna haja ya kufungua ukurasa wa majibu. Mdogo wangu wa Chikongola akitaka mtu wa kukaa naye upande wa pili wa ubao kwa kazi hiyo, nipo, na ningefurahi zaidi kama mtu huyo angekuwa mzee wetu mwenyewe, maana barazani kwetu sijaona mwenye jicho kali kuliko yeye la kuvunja hatua ya mwenzake.