Mwani wa ng'ombe ni mwingine
Nimesoma makala inayodai eti chakula cha ng'ombe cha mwani, cha kupunguza gesi ya methani wanayotoa, ndicho kitakachomwinua mkulima wa mwani! Mwandishi wake amechanganya aina za mwani. Uliong'ara kwenye majaribio ya kulisha ng'ombe ni mwani uitwao Asparagopsis. Wakulima wengi wa bahari za joto wanalima mwani mwingine, wa Eucheuma na Kappaphycus, unaouzwa mkavu kutengeneza karajinani, ile inayoifanya dawa ya meno iwe nzito. Tena bromofomu, kemikali ya Asparagopsis inayofanya kazi tumboni mwa ng'ombe, huruka hewani upesi, kwa hiyo ukiuanika mwani huo juani tu umeshaipoteza. Mimi naona afadhali maji yanayokamuliwa kwenye Kappaphycus mbichi, ya kunyunyizia mazao, maana makapi yake bado yanatoa karajinani. Kuna mkulima hapa aliyepata mnunuzi wa kudumu wa maji hayo?