Ganda jeusi halisemi kimondo kilipikwaje

Habari niliyosoma inasema ganda jeusi la kimondo, jiwe lililoanguka kutoka angani, ni ushahidi kwamba jiwe lilipikwa hewani mpaka ndani. Hapana, ndugu mwandishi. Ganda hilo kwa kawaida halifiki unene wa milimita 1, na chini yake madini hubaki kama yalivyokuwa. Historia ya joto imo katika kemia ya madini hayo, na wanafunzi wa jiolojia hapa Lubumbashi, waliozoea kusoma mawe ya shaba na kobalti chini ya hadubini, wanaweza kuifuata vizuri sana.

Kata kipande, kisugue hadi unene wa mikroni 30, king'arishe, kipake kaboni, kisha pima kwa miale ya elektroni ya volti 15,000. Piroksini (kundi la madini ya silika) zenye kalsiamu nyingi na zenye kidogo hugawana kalsiamu kufuatana na joto: kondriti za aina ya 6, yaani vimondo vya mawe vilivyopata joto kali zamani kabla ya kufika duniani, hutoa takriban nyuzi 800 hadi 950 za Selsiasi. Olivini na spineli, madini mengine ya jiwe lilelile, hutoa joto la chini ya hapo. Si kosa! Chuma na magnesiamu huhama upesi kuliko kalsiamu, basi kuhama kwao husimama baadaye, jiwe likiwa limeshapoa zaidi.

Kinachoharibu hesabu ni kupima ukingoni mwa chembe: eksirei zinazozalishwa na miale ya elektroni huamsha kalsiamu ya chembe jirani, nayo huingia katika kipimo. Kaa katikati. Jumla ya oksidi, yaani viambato vyote vilivyopimwa katika nukta moja, ikiwa nje ya asilimia 98.5 hadi 101, tupa kipimo hicho.

Na anayeokota jiwe asilibandike sumaku, tafadhali. Inafuta usumaku wa kale uliohifadhiwa ndani ya jiwe.