Mwisho haukuharakishwa

Ambaye hajamaliza riwaya ya Leviathan Falls aruke maoni haya, nisije nikamharibia uhondo.

Ndugu mwandishi, umesema kitabu hiki cha 9, cha mwisho katika mfululizo wa riwaya za anga za The Expanse, kimefungwa harakaharaka. Hapana. Nilikimalizia kwenye mwendokasi, nikapitiliza kituo changu, na kilichonikaa rohoni ni uamuzi wa nahodha Holden. Anayafunga malango yote ya angani, yale ambayo meli hupitia kutoka nyota moja hadi nyingine, kwa mkupuo mmoja, na nyota zaidi ya 1,300 zenye sayari zake zinabaki kila moja kivyake. Kuna makoloni huko ambayo hayajaweza hata kujilisha! Sisi wa Dar mafuta yakichelewa tu bandarini minong'ono ya nauli inaanza. Sasa fikiria meli haiji tena, si mwezi ujao wala maisha yako yote.

Hapo ndipo ningewalaumu Abraham na Franck (ndio hao wawili wanaojiita James S. A. Corey). Wangetuonyesha walau koloni moja asubuhi ya pili yake. Nafasi ilikuwepo, maana sura za Kanali Tanaka, anayemwinda Holden na wenzake, ningezipunguza nusu, kufukuzana kote kule kumenichosha.

Waliotazama tamthilia peke yake hawajui tunabishania nini, iliishia kitabu cha 6.

Ila Amos, fundi wa meli ya Holden, miaka elfu moja baadaye, bado yupo anampokea mgeni kama vile jana tu. Hapo nimerudia mara tatu.